Baba Neema amepata chumba cha euro 62 kando ya uwanja wa ndege wa Paris

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Mume wangu naye amestaafu, alikuwa reli. Binti yetu wa mwisho, Neema, anamaliza shahada ya uzamili Paris, na mahafali yake ni Ijumaa moja ya katikati ya Novemba. Tumeamua kwenda wote wawili. Ulaya hatujawahi kufika. Mbali kabisa tulikowahi kwenda ni Johannesburg, kwenye harusi, na kule tulilala kwa ndugu.

Neema hawezi kutulaza. Anakaa Cité Universitaire, kusini mwa mji, chumba kimoja chenye kitanda cha mtu mmoja, meza na kabati, na anasema akitaka kufungua kabati lazima kwanza afunge mlango. Kwa hiyo ni hoteli, usiku sita.

Fedha tuliyotenga, ukiacha tiketi za ndege na viza, ni euro 1,300. Imetoka kwenye kiinua mgongo changu, ndiyo maana najiona nina sauti kidogo katika jambo hili. Wiki iliyopita Baba Neema alinionyesha kwenye simu hoteli ya euro 62 kwa usiku huko Roissy, kando ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Picha nzuri, kitanda kipana, maegesho makubwa utadhani tunakwenda na gari. Anasema tukishuka kwenye ndege tunaingia hotelini, siku ya kuondoka tunatoka hotelini tunapanda ndege, na siku za katikati kuna treni ya kwenda mjini. Neema naye ametutafutia hoteli ya nyota mbili katika kata ya 14, jirani na anakokaa, euro 98. Baba Neema alipoiona bei alicheka. "Euro 36 zaidi kila usiku, za nini? Kulala ni kulala. Ukishafumba macho hujui kama uko Paris au Kihonda."

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ile ya euro 62 inalipwa sasa hivi na hairudishwi. Ukitaka ya kughairi inakuwa 71. Viza hatujaomba. Tiketi hatujakata, ila yeye anapiga hesabu tufike Alhamisi, mahafali kesho yake, turudi Jumatano. Mimi nina goti linalonisumbua kwenye ngazi, na sitaki safari niliyoisubiri miaka yote iishie kwenye treni. Lakini pia sitaki niitwe mke wa kutapanya, hasa kwa kuwa mzee huyu kwenye hesabu hakosei mara nyingi.

Halafu anataka tubebe jiko dogo la koili na unga, tuwe tunasonga chumbani. Na fedha yote iwe taslimu, ndani ya mkanda wa kiunoni. Nisaidie kabla hajabonyeza.

Mama Neema, Morogoro

MAJIBU

Mama Neema, shikamoo. Mfikishie na Baba Neema shikamoo yangu, na hongereni sana kwa mahafali.

Kabla ya kugusa hesabu, naomba mzee asilipe kitu chochote kisichorudishwa mpaka pasipoti zenu zirudi zikiwa na viza ndani. Hilo ni kubwa kuliko mengine yote niliyoandika hapa chini. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hizo 90 hazirudi. Hakuna sababu ya kuweka na euro 372 za hoteli kwenye hatari hiyo hiyo. Wanachotaka kuona ubalozini ni nafasi ya hoteli iliyothibitishwa, yenye majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa tarehe zote za kukaa. Nafasi inayoweza kughairiwa bure inatosha. Chukueni hiyo, hata kama imezidi kwa euro nane au tisa kwa usiku. Viza ikitoka, na bei ikiwa imeshuka, mnaghairi na kuchukua upya hoteli ile ile. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla, lakini msijaribu kuufikia huo mwisho.

Ufaransa pia huangalia kama mna fedha za kuishi. Mgeni mwenye hoteli anatakiwa kuonyesha euro 65 kwa siku, na asiye na hoteli euro 120. Kwenu ninyi, watu wawili kwa siku saba, ni euro 910 zinazoonekana kwenye taarifa ya benki. Mnazo, ila zionekane zimekaa kwenye akaunti. Fedha iliyoingizwa juzi kwa mkupuo huleta maswali, na iliyoko kwenye mkanda wa kiunoni haionekani kabisa.

Sasa hesabu. Baba Neema hana makosa kwenye kutoa: 98 kutoa 62 ni 36, mara usiku sita ni euro 216. Ni fedha nyingi, na mtu wa kuziona si bahili. Ila ameitazama bei ya kitanda peke yake. Gesti zetu zimetuzoesha kwamba ukilipa chumba, asubuhi kuna chai, chapati na yai. Paris mara nyingi chumba ni chumba tu. Kifungua kinywa kinalipiwa peke yake, usafiri ni wenu, na juu yake kuna kodi ya wageni.

Tuanze na treni. Kati ya mji na uwanja wa Charles de Gaulle kuna RER B, treni ya moja kwa moja, nzuri tu. Lakini tiketi ya kawaida ya metro (treni ya chini ya ardhi), iliyokuwa euro 2.50 mwaka 2025, haifanyi kazi kwenye vituo vya uwanja wa ndege. Kule kuna tiketi yake, iliyokuwa euro 13 mwaka huo huo, na bei hizi hupanda kidogo kila Januari. Mkilala Roissy, kwenda mjini na kurudi ni euro 26 kwa mtu, euro 52 kwa wawili, kila siku. Siku tano ni 260. Zile 216 zimekwisha, na bado mna deni.

Nadhani Baba Neema, kama mtu wa reli, ataniuliza: je, hakuna tiketi ya wiki? Ipo, na ni nzuri kwelikweli. Inaitwa Navigo ya wiki. Mwaka 2025 ilikuwa euro 31.60 kwa mtu kwa mkoa mzima: metro, RER, mabasi, tramu, na viwanja vyote viwili vya ndege vimo. Mnalipa euro 5 za kadi mara moja, na kila mmoja anabandika picha yake ndogo, kwa hiyo bebeni picha za pasipoti za ziada. Mkiwa na kadi hiyo, Roissy haina tena gharama ya ziada ya treni. Hapo mzee anarudi kwenye mchezo, namkubalia.

Ila wiki ya Navigo huanza Jumatatu na kuisha Jumapili usiku, hata kama umeinunua Alhamisi. Ratiba yenu ya Alhamisi hadi Jumatano inakata wiki mbili, maana yake mnalipa mara mbili: euro 126.40 kwa wote, bila kadi. Badilisheni siku. Fikeni Jumatatu, ondokeni Jumapili, bado ni usiku sita, na mnalipa mara moja: 63.20, pamoja na kadi mbili ni 73.20. Humo tayari kuna safari ya kutoka uwanjani na ya kurudi, ambazo peke yake zingekuwa 52. Kufika Jumatatu kuna faida nyingine. Begi likichelewa kwenye kuunganisha ndege, mna siku tatu za kulisubiri kabla ya mahafali. Kwa ratiba ya mzee mngeingia ukumbini Ijumaa na nguo za safari.

Kwa hiyo usafiri sasa ni sawa kwa hoteli zote mbili. Twende mezani. Hoteli nyingi za Roissy zimezungukwa na barabara na maegesho. Ukiamka asubuhi na njaa, kilicho karibu ni chumba cha chakula cha hoteli. Chukulieni euro 14 kwa mtu: kwa wawili, asubuhi sita, ni 168. Kata ya 14 mnatoka nje, mnaingia duka la mikate, mnanunua krosanti au kipande cha bageti, halafu kahawa mnaipiga mkiwa mmesimama kaunta, maana mkikaa mezani kikombe kile kile hupanda bei. Euro nne na nusu kwa mtu zinatosha, jumla 54. Tofauti ni 114.

Halafu usiku wa mahafali. Neema atakuwa na wenzake, mtakula, mtapiga picha, na RER B haimsubiri mtu. Usiku wa manane haipo, na matengenezo ya njia huikatisha mapema jioni baadhi ya siku. Teksi kutoka upande wa kusini wa mto Seine hadi Charles de Gaulle ina bei iliyopangwa na serikali, na mwaka 2025 ilikuwa euro 65. Mara moja tu. 114 na 65 ni 179. Kwenye zile 216 mzee amebaki na euro 37 za faida. Kwa hizo 37 ameuza saa mbili na zaidi kila siku: basi la hoteli hadi kituoni kama lipo, kusubiri, treni, kisha kurudia vyote jioni kwenye baridi ya Novemba, na goti lako likiwa humo. Muulize kwa upole kama angeikubali ratiba hiyo enzi zake akiwa kazini.

Kwa hiyo mimi niko na Neema, tena kwa sababu ambayo huenda hata yeye hakuieleza: RER B inayotoka uwanjani inapita Denfert-Rochereau na kituo cha Cité Universitaire, vyote katika kata hiyo ya 14, bila kubadilisha treni. Mnashuka na mabegi mara moja. Kama ile ya euro 98 imejaa au imepanda, tafuteni kuzunguka Alésia na Porte d'Orléans, au vukeni mpaka wa mji mpaka Montrouge, ambako metro namba 4 inafika. Watu wengi huogopa kuvuka mpaka huo, na ndiyo maana vyumba huwa na nafuu. Ninyi mna Navigo, mpaka hauwahusu. Kwanza kabisa Neema aulize ofisi ya nyumba anayokaa kama wana vyumba vya wageni vya muda mfupi. Swali halina gharama.

Kuzunguka Gare du Nord, kituo kikubwa cha treni kaskazini mwa mji, mtaona bei za chini zaidi. Sipendekezi kwa wazee wanaofika mara ya kwanza na mabegi. Si kwamba ni kubaya, ila pana msongamano na wadokozi wanapapenda.

Kuhusu nyota, msihangaike nazo. Nyota za Ufaransa hupima huduma zilizopo na vifaa. Haziwahakikishii usafi wa shuka wala tabia ya mtu wa mapokezi, na hoteli ya nyota mbili iliyotunzwa vizuri inawatosha kabisa. Tena nyota chache zinapunguza kodi ya wageni, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi pale pale mapokezi nje ya bei mliyoiona kwenye simu. Ilipandishwa sana Januari 2024, mwaka wa Olimpiki: nyota tatu ikawa euro 5.20, nyota mbili 3.25. Kwa viwango hivyo, ninyi wawili kwa usiku sita mtalipa 39 kwenye nyota mbili, na 62.40 kwenye tatu. Someni maandishi madogo chini ya bei kabla ya kulinganisha hoteli na hoteli.

Mambo ya kuuliza kwa barua pepe kabla ya kuthibitisha ni machache, na Neema ayaandike kwa Kifaransa. La kwanza ni lifti, kwa sababu ya goti. Majengo ya Paris ni ya zamani, hoteli nyingine haina lifti kabisa, nyingine ina ya kuingia watu wawili bila begi. Tena kule chini hapahesabiwi. Wakisema ghorofa ya pili, ni ngazi za ghorofa mbili kamili. La pili ni kitanda. Kitanda chao cha watu wawili mara nyingi kina upana wa sentimita 140, yaani futi nne na nusu. Mliozoea sita kwa sita mtashikana mpaka mshangae. Kama hilo si lengo la safari, ombeni cha sentimita 160, au vitanda viwili vya kuunganishwa, wanaviita lits jumeaux. La tatu ni birika la umeme, kwa sababu vyumba vingi hawaliweki, na najua Morogoro mtu haanzi siku bila chai. Katika barua hiyo hiyo Neema aulize bei yao wakipokea wageni moja kwa moja, bila kupitia tovuti za kuwekea nafasi. Wakati mwingine hushuka, au huongeza kifungua kinywa.

Kwenye koili, hapana. Hoteli haziruhusu kupika chumbani, kengele ya moshi haijui kama ni ugali, na plagi zao za pini mbili za duara hazikubali plagi zetu za miguu mitatu. Adapta bebeni kwa ajili ya simu. Kama mnataka kupika kweli, na kwa usiku sita sioni kosa, tafuteni apart-hoteli: chumba chenye jiko dogo, friji na vyombo. Hata ikiwa euro 110 badala ya 98, tofauti kwa usiku sita ni 72, yaani 12 kwa siku. Chakula cha jioni cha watu wawili mgahawani, sahani moja moja tu, kinaweza kupita euro 30. Mkipika jioni tatu mmeshairudisha, na Neema, mwanafunzi wa kula makaroni, anakuja na wenzake wawili. Unga msihangaike kuubeba. Metro namba 4 inakwenda Château Rouge, kaskazini mwa mji, mtaa wa maduka ya Waafrika, Wakongo wakiwemo: unga, muhogo, ndizi za kupika, samaki wakavu, vyote vipo. Msibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote kutoka nyumbani, hata yakiwa ya unga. Umoja wa Ulaya umekataza na forodha wanavichukua.

Siku ambazo hampiki, mlo mkubwa uwe mchana. Migahawa mingi huandika ubaoni plat du jour, sahani ya siku, na bei yake ni ya kibinadamu kuliko ya usiku. Ombeni carafe d'eau: ni maji ya bomba kwenye jagi, salama, na kwa mlo hayalipiwi. Mkisema "maji" tu mnaweza kuletewa ya chupa ya kulipia. Bahashishi si lazima, huduma imo ndani ya bei. Nyuma ya Gare du Nord, kuelekea La Chapelle, kuna migahawa ya Wasri Lanka yenye wali na mchuzi wa pilipili, na baada ya siku tatu za mkate mtanishukuru.

Matembezi nitayapitisha haraka, maana Neema anajua zaidi. Louvre tangu Januari 2026 imeweka bei mbili, na wageni wa nje ya Ulaya tunalipa euro 32. Kwa wawili ni 64, zaidi ya nusu ya bei ya usiku mmoja. Kama mna hamu nayo, nendeni, lakini si lazima. Makumbusho ya jiji, kama Carnavalet yenye historia ya Paris na Petit Palais, maonyesho yake ya kudumu ni bure. Kanisa la Notre-Dame, lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto, kuingia ni bure. Mnara wa Eiffel utazameni usiku kutoka Trocadéro, humetameta dakika tano kila saa. Na kwa ajili ya goti, wacheni metro yenye ngazi nyingi mpande mabasi, Navigo inayalipia. Basi namba 38 kutoka Porte d'Orléans linapanda mpaka katikati ya mji na kupita kisiwani kwenye Notre-Dame. Namba 69 linapita Bastille na Louvre hadi karibu na Eiffel. Kiti cha dirishani, mji wote unapita.

Mkanda wa kiunoni wenye euro 1,300 siupendi. RER B ina wadokozi hodari, na hoteli nyingi zitawaomba kadi ya benki mkifika ili zizuie kiasi cha dhamana. Nendeni benki mwambie wafungue kadi kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni. Hakikisheni laini ya simu inayopokea namba za siri za benki itafanya kazi Ufaransa, la sivyo malipo yatakwama kaunta. Mashine ikiwauliza mlipe kwa shilingi, dola au euro, chagueni euro daima, kwa sababu wakibadilisha wao kiwango chao ni cha kuumiza. Taslimu bebeni euro 200 hivi, noti za 20 na 50. Noti ya 200 madukani huikataa.

Jumla basi: chumba 588, kodi 39, Navigo 73.20. Ni euro 700 na senti ishirini. Kwenye 1,300 mmebaki na karibu 600 za kula na kutembea siku saba, zaidi ya euro 80 kwa siku kwa wote wawili. Hiyo si safari ya kutapanya, Mama Neema. Nguo za baridi ndizo zitakazohitaji nyongeza, na hilo malizeni hapo hapo Morogoro. Makoti mazito ya sufu kwenye mitumba hayana mnunuzi, muuzaji atafurahi kuwaona.

Ndege nyingi za Addis Ababa hutua Charles de Gaulle alfajiri, na hoteli hutoa vyumba kuanzia kama saa tisa alasiri. Msilipe usiku wa ziada kwa ajili ya hizo saa. Wekeni mabegi mapokezi, kwa kawaida hawatozi, mkanywe chai kwa Neema.

Na kama mzee ameshabonyeza kabla barua hii haijawafikia, msianze na benki wala ugomvi. Waandikieni hoteli leo hii, kwa ustaarabu, mkieleza kwamba viza bado, na muombe kubadilishiwa tarehe badala ya kurudishiwa fedha. Ombi la tarehe ni rahisi zaidi kwao kulikubali, na mkishapewa tarehe ya mbele mna muda wa kuzungumza yaliyobaki.